JE, WAJUA? Utafiti wa afya na mazingira, na nafasi ya kijana wa Manguredjipa

Manguredjipa iko magharibi ya Butembo, kilomita zipatazo 100 za barabara, ndani ya misitu ya Bapere katika wilaya ya Lubero. Dhahabu imewavuta watu huko tangu zama za ukoloni. Wapo wachimbaji, wakulima, wachuuzi na waendesha pikipiki, na ipo zone ya afya yenye jina hilohilo. Maji wanayochota, vumbi wanalovuta, moshi wa jikoni na mbu wa mashimoni, yote hayo ndiyo afya ya mazingira. Safu hii inaeleza mambo yanayojulikana, namna yalivyopimwa, na mahali kijana wa Bapere, Butembo au Beni anapoweza kujifunza kuyapima. Imani yetu ni hii: anayeishi na hatari ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kufundishwa kuipima, na wa kwanza kuambiwa majibu.

DHAHABU NA ZEBAKI

1. Je, wajua kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kutoa zebaki hewani kutokana na kazi za binadamu? Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mwaka 2015 zilitolewa tani 2,220, na tani 838 kati ya hizo zilitoka kwa wachimbaji wadogo. Hiyo ni takriban asilimia 38.

2. Je, wajua kwamba zebaki ya wachimbaji ni hatari zaidi ikivutwa puani kuliko ikimezwa? Ikimezwa ikiwa majimaji, mwili hufyonza chini ya asilimia 0.01. Ikivutwa kama mvuke, mapafu hufyonza karibu asilimia 80. Kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye moto. Mchimbaji hukamua mchanganyiko wake wa dhahabu na zebaki kwa kitambaa mpaka abaki na kidonge cha kijivu, akakiweka kwenye kijiko au kikaango juu ya jiko la makala. Kidogo kidogo kijivu hugeuka njano, na wote waliokaa karibu hutazama ile njano. Mvuke uliotoka hauna rangi wala harufu, na mtoto aliyeketi karibu na jiko ameuvuta sawa na baba yake.

3. Je, wajua kwamba kuna chombo kiitwacho retoti kinachonasa mvuke huo? Ni chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba. Mvuke hupita bombani, ukapoa, ukarudi kuwa majimaji yanayoweza kutumika tena. Kikitumiwa vizuri hunasa kati ya asilimia 75 na 95 ya zebaki. Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji wamekwenda mbali zaidi: huyeyusha dhahabu yao kwa boraksi, bila zebaki hata tone.

4. Je, wajua kwamba mkojo na unywele havijibu swali moja? Mkojo huonyesha zebaki iliyovutwa kama mvuke. Unywele huonyesha zaidi ile iliyoliwa kwenye samaki. Mtafiti akienda kwa wanaochoma dhahabu na kuchukua nywele peke yake, au akienda kwa walaji wa samaki na kuchukua mkojo peke yake, anaweza kurudi na jibu lisilo sahihi ingawa maabara yake haikukosea kitu. Ndiyo maana mafunzo hutangulia vifaa.

5. Je, wajua kwamba unywele ni daftari la miezi? Hurefuka karibu sentimita 1 kwa mwezi. Mpimaji hukata kishungi kidogo kisogoni, karibu kabisa na ngozi, na kuweka alama upande wa shina. Sentimita ya kwanza hueleza mwezi uliopita, ya pili mwezi wa kabla yake. Kwa mama aliyejifungua karibuni, nywele hizo zinaweza kueleza ni lini hasa mimba ilifikiwa na zebaki.

6. Je, wajua kwamba kupima athari za zebaki kunaweza kuanza na kiberiti? Katika vipimo vilivyotumika kwenye migodi midogo, mchimbaji huwekewa njiti 20 nje ya kisanduku, akaambiwa azirudishe ndani haraka awezavyo huku mpimaji akishika saa. Kisha hupewa penseli agonge nukta nyingi awezavyo kwenye karatasi kwa sekunde 10. Huambiwa pia afumbe macho na kugusa pua kwa kidole. Mkono unaotetemeka hujionyesha hapohapo. Vipimo hivi havitoi hukumu peke yake, lakini muuguzi aliyefundishwa anaweza kuvifanya chini ya mwembe.

7. Je, wajua kwamba huko Minamata, Japani, paka walionyesha dalili mapema? Waliokula samaki wa ghuba walipatwa na degedege na kuanguka. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda cha Chisso iliarifu idara ya afya juu ya ugonjwa wa ajabu kwa binadamu. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walielekeza kidole kwenye zebaki. Serikali ilikiri rasmi chanzo hicho, yaani zebaki iliyomwagwa na kiwanda, mwaka 1968. Miaka 12 ilipita, na katika miaka hiyo watu waliendelea kula samaki.

8. Je, wajua kwamba mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nijeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu? Zebaki haikuwa chanzo cha vifo hivyo. Mawe yalisagwa vijijini na vumbi likatapakaa uani ambako watoto hucheza. Timu ya Madaktari Wasio na Mipaka ilishtuliwa na vifo vingi vya watoto wenye degedege. Mawe ya kila mahali yana siri yake, na hakuna ajuaye yaliyomo mpaka yapimwe.

WALIOPIMA KABLA YETU

9. Je, wajua kwamba baadhi ya tafiti zinazotajwa sana duniani kuhusu madini na afya zimefanywa na Wakongomani? Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo vya wakazi wa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti nyingi mno. Mwaka 2018 walirudi na majibu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao: vumbi la ndani lilikuwa na metali, na watoto walikuwa nazo mwilini. Mwaka 2020 walionyesha kwamba kazi ya baba mgodini ilihusiana na watoto kuzaliwa na kasoro. Yote hayo yalifanyika kwa ushiriki wa chuo cha Kongo.

10. Je, wajua kwamba wachimbaji wa Rwamagasa, mkoani Geita, Tanzania, walipimwa katika Mradi wa Zebaki Duniani ulioanza mwaka 2002? Nchi sita zilishiriki: Tanzania, Sudan, Zimbabwe, Brazil, Indonesia na Laos. Mradi ulipima watu na papo hapo kuwafundisha namna salama zaidi ya kuchoma. Kipimo na somo vilikwenda pamoja.

11. Je, wajua kwamba mwaka 1961 madaktari watatu waliondoka Kampala kwa gari kuukuu wakazunguka karibu kilomita 16,000 kwa majuma 10? Denis Burkitt, Ted Williams na Cliff Nelson waliingia hospitali moja baada ya nyingine wakionyesha picha za watoto wenye uvimbe wa taya na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Majibu yalipochorwa kwenye ramani, ugonjwa ulionekana kufuata joto, mvua na mwinuko wa nchi. Ramani ile ilifungua njia ya kujua kwamba saratani inaweza kuhusiana na maambukizi. Vifaa vyao vilikuwa picha, swali na subira.

12. Je, wajua kwamba unga wa muhogo mchungu unaweza kupoozesha miguu? Ugonjwa unaitwa konzo na hutokana na sianidi iliyobaki kwenye muhogo usioandaliwa vizuri, hasa wakati wa njaa na vita, watu wanapofupisha siku za kuloweka. Umeripotiwa Kwango, na hata Kivu Kusini. Dawa ya kinga ni rahisi: unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na huachwa kwa saa 2 juani au kwa saa 5 kivulini ili sianidi itoke hewani. Watafiti wa mpango wa taifa wa lishe, PRONANUT, wakishirikiana na Howard Bradbury wa Australia, waliwafundisha kina mama wa Kay Kalenda huko Kwango. Katika muda wa ufuatiliaji hakikutokea kisa kipya. Matokeo ya utafiti yaliishia kwenye ungo wa mama, na huko ndiko yalikotakiwa kufika.

SOMO LA EBOLA

13. Je, wajua kwamba mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulianzia Mangina, karibu na Beni, na kwamba Manguredjipa nayo ilipata wagonjwa? Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua, 2,287 walikuwa wamefariki, na 1,171 walikuwa wamepona.

14. Je, wajua kwamba majaribio ya dawa yaliyobadilisha tiba ya Ebola duniani yalifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina? Yaliitwa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha. Yalianza Novemba 2018, yakaongozwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Agosti 2019 dawa mbili kati ya nne zilionekana kuokoa watu wengi zaidi. Mojawapo ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa hiyo Butembo na Beni zina wauguzi, wapimaji na wakusanya takwimu ambao wamekwisha kufanya utafiti wa kiwango cha juu kabisa.

15. Je, wajua kwamba waliopona waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa kwenye vituo vya matibabu? Miili yao ilikuwa imejenga kinga, na mioyo yao ilijua uchungu wa ugonjwa ule. Walifundishwa, wakalipwa, wakaokoa watoto.

16. Je, wajua kwamba elimu iliyochelewa iligharimu maisha? Uvumi, hasira za kisiasa na ukosefu wa usalama viliwafanya watu wengi wakimbie timu za afya. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo. Tunamkumbuka kwa heshima. Kazi yake ilikuwa kufuatilia ugonjwa, na kazi hiyo haiwezekani pale ambapo wanakijiji hawajaelezwa mgeni anatafuta nini.

17. Je, wajua kwamba Februari 2021 Ebola ilirudi katika eneo la Butembo na zone jirani ya Biena, lakini safari hii ilikatwa ikiwa na wagonjwa 12 tu? Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha uhusiano na mlipuko wa 2018 hadi 2020. Tarehe 3 Mei 2021 mlipuko huu mpya ulitangazwa kwisha. Ujuzi uliobaki kwa wenyeji ulifanya kazi.

PIMA BILA MAABARA

18. Je, wajua kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kutofautisha viluwiluwi vya mbu wa malaria na vya mbu wengine? Chota maji ya shimo kwa upawa mweupe, tulia, tazama. Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Cha Culex huning'inia kichwa chini, kikipumua kwa mrija wa mkiani. Shimo la dhahabu lililoachwa wazi, lenye maji ya mvua na jua la kutosha, humfaa Anopheles gambiae sana, na katika joto yai huwa mbu kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi. Kikundi cha vijana wakizunguka mashimo kila juma na daftari, wakiandika lipi lina viluwiluwi na lipi limefukiwa, wameanza utafiti.

19. Je, wajua kwamba jua husafisha maji? Chupa safi ya plastiki iliyo angavu, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa 6, huua vijidudu vingi vya kuhara. Mawingu yakiwa mengi, iache siku 2. Lakini jua haliondoi zebaki wala risasi, na kuchemsha hakuziondoi pia. Mwelimishaji wa afya lazima ajue tofauti hiyo kabla ya kusimama mbele ya watu.

20. Je, wajua kwamba moshi wa majumbani ulikadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuua watu milioni 3.2 mwaka 2020? Kuni na makala huwaumiza zaidi mama na watoto wanaokaa jikoni. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, kikundi cha AirQo kilichoanza mwaka 2015 hutengeneza vipima hewa vya bei nafuu, vinavyostahimili vumbi na kukatika kwa umeme. Vimebuniwa Kampala kwa hewa ya miji ya Afrika.

NAFASI ZA KUJIFUNZA

21. Je, wajua kwamba safari inaweza kuanzia nyumbani? Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza Butembo mwaka 1989, na kina masomo ya udaktari, mifugo na kilimo: njia tatu zinazokutana kwenye afya ya mazingira. Vyuo vya ufundi wa tiba, ISTM, vipo Butembo na Beni. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo ana mada nyingi Bapere: maji ya chemchemi, vumbi la kutwanga mawe, samaki wa mito ya migodini.

22. Je, wajua kwamba Shule ya Afya ya Jamii ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1984 chini ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, hushiriki katika mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani? Ngazi ya kwanza huchukua miezi 3 hivi. Mfanyakazi hukaa darasani kwa vipindi vifupi, na muda mwingi huwa kituoni kwake akichunguza takwimu na milipuko halisi. Muuguzi haachi kazi yake ili asome. Mtandao wa AFENET, wenye makao Kampala tangu 2005, huunganisha programu za aina hiyo barani.

23. Je, wajua kwamba mtandao wa Afya Moja uitwao AFROHUN, nao wenye makao Kampala, una vyuo vikuu vya Kinshasa na Lubumbashi ndani yake? Huwakutanisha wanafunzi wa udaktari, mifugo na mazingira katika kijiji kimoja, wakichunguza tatizo moja kwa pamoja.

24. Je, wajua kuhusu GEOHealth? Ni mpango wa Kituo cha Fogarty cha Marekani wa kujenga watafiti wa afya ya mazingira na ya kazini katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kitovu chake cha Afrika Mashariki kiliongozwa na Chuo Kikuu cha Addis Ababa pamoja na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na washirika Uganda, Kenya na Rwanda. Kazi yao ilihusu uchafuzi wa hewa, tabianchi na afya ya watoto. Kongo ya mashariki inapakana na Uganda na Rwanda, na vyuo vyetu vina kila sababu ya kubisha hodi.

25. Je, wajua kwamba majarida ya sayansi yanayouzwa ghali yanaweza kusomwa bure? Mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani, huziwezesha taasisi za nchi maskini kuyapata kwa kusajiliwa. Mwanafunzi, muulize mkutubi wako. Na mafunzo ya maadili ya utafiti yaitwayo TRREE hutolewa bure mtandaoni kwa Kifaransa na Kiingereza, pamoja na cheti. Tahadhari moja: anayekudai pesa kwa simu ili "uchaguliwe" kupata msaada wa masomo ni tapeli. Usimtumie hata franka moja.

MAJIBU YARUDI NYUMBANI

26. Je, wajua kwamba una haki ya kukataa kupimwa? Kabla ya kutoa damu, mkojo au nywele, lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa: wanatafuta nini, sampuli inakwenda wapi, nani ataona jina lako. Unaweza kusema ndiyo leo na kujitoa kesho, na matibabu yako yasiguswe.

27. Je, wajua ni nani huwa daraja kati ya maabara na kijiji? Ni wahamasishaji wa afya wa jamii, wanaoitwa reko. Wao hujua nyumba ipi ina mjamzito, nani anachoma dhahabu jikoni, nani amehamia jana. Mashambulizi ya waasi wa ADF yamewahamisha watu wengi wa Bapere katika miaka ya karibuni, na mara nyingi reko ndiye anayebaki akijua nani yuko wapi. Mradi wowote utakaokuja uwafundishe mwanzoni, uwalipe kwa haki, na uwape nakala ya majibu kwa Kiswahili na Kinande.

28. Je, wajua kwamba mafunzo ya wahudumu wa afya kuhusu zebaki yamo ndani ya sheria ya kimataifa? Mkataba wa Minamata ulipitishwa Oktoba 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Kiambatisho C kinazitaka nchi wanachama zenye uchimbaji mdogo mwingi wa dhahabu kuandaa mpango wenye mkakati wa afya. Mkakati huo unatakiwa kugusa mambo matatu: kukusanya takwimu za afya, kuwafundisha wahudumu wa afya, na kuelimisha watu kupitia vituo vya afya. Kwa hiyo muuguzi wa Manguredjipa anayeomba mafunzo ya kupima zebaki haombi hisani, anadai jambo ambalo mataifa yamekwisha kuliandika. Aliandike ombi lake, alipeleke kwa daktari mkuu wa zone, na nakala aipeleke chuoni Butembo. Vyuo vinatafuta mada, Bapere ina maswali, na barabara kati yao ni ya kilomita 100.